Msikiti Mkuu wa Kilwa: Paa lililoanguka, likajengwa upya

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, yamesimama mabaki ya jengo la ibada ambalo kwa karne kadhaa halikuwa na mfano wake kwa ukubwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Jengo hilo ni Msikiti Mkuu wa Kilwa, uliokuwa msikiti wa Ijumaa wa mji uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu na watumwa, na ambao wafanyabiashara wake walijulikana hadi Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi.

Wageni wengi wanaofika kisiwani hapo huvutiwa na makuba na matao yaliyosalia, wakayahesabu kuwa kazi ya mara moja iliyoamriwa na mfalme mmoja mwenye fedha. Ukweli uliomo ndani ya kuta hizo ni tofauti. Msikiti huo ulijengwa, ukapanuliwa, paa lake likaporomoka, ukakaa magofu kwa miaka mingi, kisha ukajengwa tena kwa njia nyingine. Kinachoonekana leo katika sehemu yake kubwa ni matunda ya jaribio la pili, na nguzo zake nene ndizo zinazotoa ushahidi huo.

Ili kuuelewa mpangilio wa jengo ni lazima kuanzia upande wa kaskazini. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, Makka iko kaskazini, na kwa sababu hiyo mihrabu ya msikiti wa Kilwa imo katika ukuta wa kaskazini. Ukumbi wa kwanza ulijengwa hapo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) linautaja kuwa wa karne ya 11, ilhali watafiti wengine wanauweka katika karne ya 12. Umri huo umekadiriwa kwa vigae vya vyombo na tabaka za udongo zilizofukuliwa. Hali ni nyepesi zaidi huko Kizimkazi, Unguja, ambako maandishi yaliyochongwa ukutani yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107.

Ukumbi huo wa kaskazini ulikuwa mdogo. Nguzo 9, zilizopangwa katika safu 3 za nguzo tatu tatu, ziliugawa katika nafasi 16, na juu yake palikuwa na paa bapa. Katika hatua mojawapo ya maisha ya ukumbi huo nguzo hizo zilikuwa za mbao. Baadaye, katika karne ya 13, ukumbi uliimarishwa, zikaongezwa nguzo zilizoshikamana na kuta ili kusaidia kubeba mihimili. Jengo lote lilikuwa limeezekwa, bila ua wa wazi katikati kama ilivyo desturi ya misikiti mingi mikubwa ya Misri na Shamu ya zama hizo.

Jambo jingine litakalomshangaza mgeni ni kutokuwepo kwa mnara. Msomaji aliyeko bara, kwa mfano Mogitu wilayani Hanang, amezoea kuutambua msikiti kwa mnara wake akiwa bado yuko mbali barabarani. Misikiti ya kale ya pwani kwa sehemu kubwa haikuwa na minara. Fahari ya jengo ilielekezwa ndani, hasa kwenye mihrabu, ambako mafundi walichonga kwa ustadi jiwe la matumbawe.

Jiwe hilo linastahili maelezo marefu kidogo, maana bila hilo isingekuwepo Kilwa ya mawe. Mafundi walitumia aina mbili. Ya kwanza ni matumbawe magumu ya nchi kavu, yaliyochimbwa ardhini na kuvunjwa vipande visivyo na umbo maalumu, ambayo ndiyo yaliyojaza kuta. Ya pili ni matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi. Yakiwa yametoka majini huwa laini kiasi cha kuchongeka kwa urahisi, lakini yakikaa hewani hukauka na kuwa magumu. Hayo ndiyo yaliyotengenezewa mihrabu, miimo ya milango na mapambo mengine. Fundi aliyechelewa kulichonga jiwe lake alijikuta na kazi ngumu zaidi kila siku iliyopita.

Matumbawe hayo hayo yalitoa pia chokaa. Yalirundikwa juu ya biwi kubwa la magogo, yakachomwa hadi yakawa unga, kisha unga huo ukachanganywa na mchanga na maji kuunganisha mawe na kupiga lipu. Kazi hiyo ilimeza kuni nyingi mno. Kwa upande wa paa bapa, boriti za mikoko ndizo zilizobeba uzito, na kwa kuwa boriti haina urefu usio na kikomo, vyumba vingi vya majumba ya pwani vilikuwa virefu lakini vyembamba. Aliyetaka ukumbi mpana alilazimika kupanga nguzo nyingi, au kuachana na boriti kabisa na kuezeka kwa mawe.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman alichagua njia ya pili. Mtawala huyo wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala takriban kati ya mwaka 1310 na 1333, ndiye aliyejenga pia jumba la Husuni Kubwa lililo kwenye genge la bahari mashariki ya mji, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Wakati wake dhahabu ya Sofala, iliyotoka katika nyanda za Zimbabwe, ilikuwa ikipitia mikononi mwa watu wa Kilwa, na sarafu yenye jina lake imepatikana hata Zimbabwe Kuu.

Kwa kuwa mihrabu ilikuwa kaskazini, msikiti haukuweza kupanuliwa kuelekea mbele bila kuibomoa. Upanuzi ulifanyika nyuma ya waumini, yaani upande wa kusini, na ukumbi mpya ulikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kwanza. Kwenye kona ya kusini mashariki kilijengwa chumba chenye kuba kubwa, kinachohusishwa na Sultani mwenyewe kuwa mahali pake pa kusalia. Kuba hilo huhesabiwa na wachunguzi kuwa kubwa kuliko yote yaliyojengwa pwani hii hadi karne ya 19.

Mwaka 1331, Kilwa ilipata mgeni ambaye maandishi yake yameipa heshima hadi leo. Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier nchini Morocco, alifika na kuusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Linaloleta utata ni kwamba aliandika kuwa mji ulijengwa kwa mbao, wakati magofu ya mawe ya zama zile zile yapo wazi kwa kila mwenye macho. Yawezekana aliona zaidi nyumba za watu wa kawaida, ambazo hazikuacha magofu. Au kumbukumbu ilimchanganya, kwani simulizi yake iliandikwa miaka mingi baada ya safari.

Hata hivyo, tukio moja alilolisimulia linagusa moja kwa moja msikiti huo. Siku ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka kwenye sala kurudi nyumbani, fakiri mmoja kutoka Yemen alimkabili njiani akamwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani alikubali, akarudi kwenye nyumba ya khatibu wa msikiti, akavua na kubadili mavazi, kisha akamwita fakiri azichukue. Mwana wa mfalme alizirejesha nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa 10 badala yake, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu aliongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ndiyo sababu aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Simulizi hiyo hupendwa kutajwa kama mfano wa ukarimu, ingawa inaonesha pia, pengine bila msimulizi kukusudia, kwamba binadamu walikuwa sehemu ya mali iliyojenga mji ule.

Baada ya zama za Sultani huyo, paa la msikiti liliporomoka. Sababu inayoelekea kuwa ya kweli imo katika ufundi wenyewe. Nguzo za upanuzi wa kwanza zilichongwa kwa matumbawe, kila moja ikiwa jiwe zima. Zilipendeza, lakini zilikuwa nyembamba. Paa la boriti hukandamiza nguzo kuelekea chini tu, ilhali kuba na tao husukuma pia kuelekea pembeni, kama mtu anayefungua miguu yake akiwa amebeba mzigo. Nguzo nyembamba ya matumbawe, jiwe lenye vitundu vingi ndani yake, haikuwa na nguvu za kuhimili msukumo wa namna hiyo kwa muda mrefu.

Kilichotokea baadaye kinaelezwa katika Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake iliyopo sasa ilinakiliwa Zanzibar katika karne ya 19 na imehifadhiwa London, wakati muhtasari wa masimulizi kama hayo ulichapishwa Ureno mwaka 1552 katika kitabu cha mwanahistoria João de Barros. Kwa mujibu wa Tarihi hiyo, msikiti ulibaki magofu isipokuwa kuba alilokuwa akisalia Abu al-Mawahib, na watu wakawa wakisali chini ya mahema. Hali hiyo iliendelea hadi utawala wa Sultani Muhammad bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya al-Malik al-Adil, yaani mfalme mwadilifu, ambao wanahistoria wanauweka kati ya mwaka 1421 na 1442.

Ndipo Haji Rush, mtu wa ukoo wa watawala, alipoomba ruhusa ya kuujenga upya kwa mali yake. Sultani alimpa dhahabu ya kusaidia ujenzi. Haji Rush aliipokea kwa kuchelea kwamba akiikataa angenyimwa ruhusa, lakini akajenga kwa fedha zake mwenyewe, na Sultani alipofariki aliirudisha dhahabu hiyo kwa warithi wake. Iwe kila sehemu ya habari hiyo ilitokea ama la, mwandishi wa Tarihi aliona kuwa ujenzi wa msikiti ni jambo la kugombewa thawabu, na kwamba mtu binafsi aliweza kushindana na mfalme katika kulitenda.

Mafundi wa karne ya 15 walijifunza kutokana na anguko la kwanza. Hawakurudia nguzo za jiwe moja. Walijenga nguzo nene zenye pembe nane, kwa vipande vya matumbawe vilivyounganishwa kwa chokaa. Hazina uzuri wa zile za kwanza, na mtu akitembea kati yake huona jinsi zinavyochukua nafasi na kuziba upeo wa macho. Lakini zimebeba mzigo wake. Ukumbi wa kusini ulipangwa katika nafasi 30, tano kwa upana na sita kwa kina. Baadhi ya nafasi ziliezekwa kwa makuba, na nyingine kwa dari la tao refu lililofanana na pipa lililopasuliwa kati. UNESCO inaeleza kuwa baadhi ya makuba na dari hizo zilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China vilivyopachikwa kwenye chokaa.

Mapambo ya namna hiyo yalikuwepo pia katika msikiti mdogo wa makuba ulioko jirani, wenye nafasi 9, ambao juu ya kuba lake la kati imesimama nguzo fupi ya pembe nane. Wapo wanaoona kuwa msikiti huo mdogo unapendeza kuliko ule mkubwa, na si rahisi kuwapinga.

Wareno walipofika, msikiti ulikuwa katika hali nzuri. Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu mwaka 1502. Mwaka 1506 mfua dhahabu Gil Vicente alikamilisha chombo cha ibada ya Kikatoliki kilichotengenezwa kwa dhahabu hiyo kwa amri ya Mfalme Manuel I, na hadi leo chombo hicho kimo katika jumba la makumbusho la taifa mjini Lisbon. Julai 1505, kundi la meli za Francisco de Almeida liliuteka na kuupora mji. Taarifa ya safari hiyo inayohusishwa na Mjerumani Hans Mayr inasema mji ulikuwa na misikiti mingi yenye dari za matao, mmoja wao ukifanana na ule wa Cordoba. Kwa mtu wa Ulaya ya wakati ule hakukuwa na mfano wa juu zaidi wa msitu wa nguzo.

Wareno walijenga ngome na kuihama mwaka 1512, lakini biashara iliyoulisha mji ilikuwa imevurugwa. Kilwa iliinuka tena kwa kiasi katika karne ya 18, safari hii kwa biashara ya utumwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 shughuli zilihamia Kilwa Kivinje, bara, na mji wa kale ukaachwa kwa wakulima na wavuvi wachache, na msikiti kwa miti na mvua.

Uchunguzi wa kitaalamu ulianza kwa kina mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960, chini ya Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyekuwa amesimamia idara ya mambo ya kale ya Tanganyika. Matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 1974 katika juzuu mbili. Mengi yanayojulikana kuhusu hatua za ujenzi wa msikiti yanatokana na kazi hiyo.

Suala la nani hasa walioujenga limezua mjadala mrefu. Tarihi inasema mji ulianzishwa na Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Wakati wa ukoloni simulizi hiyo ilitumiwa kudai kuwa kila jiwe lililochongwa pwani ni kazi ya wageni. Dai hilo lilidhoofishwa na utafiti wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, uliofanyika miaka ya 1980. Huko misikiti ilionekana ikijengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale, kuanzia ya miti na udongo katika karne ya 8 hadi ya mawe, ikikua pamoja na kijiji cha wenyeji.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ulionesha kuwa wengi wao walikuwa na asili mchanganyiko, upande wa kike ukiwa zaidi wa Kiafrika na upande wa kiume ukiwa na sehemu kubwa ya Kiajemi, mchanganyiko ulioanza takriban mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Shiraz hawakuwa wakibuni tu, na waliosema Waswahili ni Waafrika nao hawakukosea.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalihamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sababu zilizotajwa zilikuwa mmomonyoko wa bahari, maji ya mvua yanayokula ardhi kando ya magenge, na mimea ambayo kwa upande mmoja huzuia udongo usichukuliwe na kwa upande mwingine hupasua kuta kwa mizizi yake. Ukiung'oa mti unafungua njia ya maji. Ukiuacha, unakupasulia jengo. Baada ya miaka 10 ya ukarabati na usimamizi, kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kilichofanyika Doha mwaka 2014 kiliyaondoa katika orodha hiyo.

Kuondolewa huko hakumaanishi kuwa kazi imekwisha. Jengo la matumbawe na chokaa huhitaji kushughulikiwa mara kwa mara, kwa chokaa. Saruji, ambayo fundi wa leo huikimbilia kwa kuwa hukauka haraka na hupatikana dukani, ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huzuia unyevu kutoka. Chumvi hujikusanya nyuma yake na matumbawe huanza kumeguka. Hivyo uhai wa msikiti unategemea kuwepo kwa watu wanaojua kuchoma chokaa, kuiacha ipoe na kuitumia kwa subira. Ukumbi wa kaskazini sasa hauna paa, na sehemu ya makuba ya kusini imeanguka. Yaliyobaki juu hayawezi kurudishwa kama yalivyokuwa yakishaanguka. Yanaweza tu kujengwa mengine.

Kwa atakayetaka kwenda, safari ya kutoka Mogitu ni ya kuvuka nchi: kupitia Katesh na Singida, au Babati na Kondoa, hadi Dodoma, kisha Dar es Salaam. Kutoka hapo barabara ya kusini hupita Kibiti, huvuka Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na kufika Nangurukuru, njia panda ya kuelekea Kilwa Masoko. Kibali cha kutembelea magofu hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti. Eneo hilo liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mkondo wa bahari si mpana. Boti hutia nanga karibu na Gereza, ngome iliyo ufukweni, na kutoka hapo msikiti unafikiwa kwa miguu kwa muda mfupi.